Uzinduzi wa Chumba cha Mwelekeo

Kabla sijasema lolote, naomba niwatambue waliopo. Meza kuu. Waheshimiwa wote kwa nafasi zenu. Kwaya zote mbili. Na wewe msomaji uliyekaa huko nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida hutambuliwi na mtu. Itifaki imezingatiwa. Sasa naweza kusimulia jinsi tulivyopotea angani, na jinsi tulivyokuja kujua tuko wapi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo lililouma zaidi.

Jina langu Ambakisye Mwaitege, mshehereshaji. Miaka thelathini na moja nimeshika kipaza sauti katika kila shughuli ya serikali yetu, na sijawahi kuruka jina la mkubwa hata mmoja. Nchi yenyewe sitaitaja. Jina lake haliruhusiwi kutumika nje ya anga bila kibali, na mtoa vibali tumemwacha chini. Niseme tu kwamba ni nchi ambayo kitu hakitumiki mpaka kizinduliwe. Tulikuwa na daraja lililokaa miaka minne limefungwa utepe mwekundu huku na huku, wananchi wakivuka mto chini yake na viatu mkononi, wakilisifia. Tulikuwa na zahanati ambayo mama mmoja alijifungulia kwenye ngazi zake, na mtoto yule ndiye aliyekuja kumshikia mgeni rasmi kisahani cha mkasi siku ilipofunguliwa. Alikuwa darasa la tano. Mimi ndiye niliyemtangaza, na nilitangaza kwa furaha.

Kwa hiyo serikali ilipopata chombo cha kwenda angani, kikaitwa Fahari, tuliondoka watu mia mbili na kumi na wawili. Mafundi walikuwa tisa. Waliobaki tulikuwa ujumbe: kwaya, wapambaji, kamati ya mapokezi, kamati ya maonesho, na mgambo. Tulikuwa tunakwenda Sayari ya Pili kuizindua, kwa kuwa kwa taarifa tulizokuwa nazo haijazinduliwa na mtu.

Mmoja wa wale mafundi tisa alikuwa binti yangu Tumpe, mzaliwa wangu wa kwanza. Yeye ndiye mtaalamu wa njia, anayesoma nyota na kusema chombo kiko wapi. Sitaficha, nilikuwa navimba kichwa. Alimwacha nyumbani mtoto wake Atupele, miaka mitatu, kwa bibi yake, yaani mke wangu. Siku ya kuondoka mtoto hakulia. Alinyoosha mguu, mama yake akamfunga kishikizo cha kiatu, na mtoto akasema, "Ukirudi utanifungua." Siku ya pili ya safari tukapata simu ya nyumbani. Bibi yake akatuambia mtoto amelala na kile kiatu mguuni, hataki kifunguliwe na mwingine. Tumpe alicheka, kisha akaenda kukaa peke yake.

*

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, tukiwa kwenye chai, jiwe likatupiga.

Sijui niseme nini kuhusu jiwe. Halikuwa kwenye ratiba. Chombo kilibiringika mara tatu, masufuria ya uji yakaenda darini, na sisi tukayafuata. Kilipotulia, dari ilikuwa sakafu na sakafu ilikuwa dari. Watu wanne walivunjika mikono. Kabla hatujawafunga vitambaa, lilizuka jambo zito: meza kuu ilibaki juu, imekazwa kwa skurubu, nasi tuko chini. Mtunza viti akauliza kama wakubwa wakae chini pamoja na watu. Ikaamuliwa, kwa muda, watu wote wainue nyuso wanapoongea na wakubwa, hata kama wakubwa wamesimama ubavuni mwao.

Kapteni Shomvi, mkuu wa chombo, alichukua kipaza sauti changu akatoa tamko. Shomvi ni mtu mpole aliyepata ukapteni kwa kuimba besi vizuri.

"Ndugu wananchi," akasema, "kuna maneno yanapita kwamba tumepotea. Nakanusha. Aliyepotea ni yule asiyejua yuko wapi. Sisi tunajua. Tuko ndani ya chombo."

Tukapiga makofi ya kilo tatu, yale ya pa, pa, pa. Mimi mwenyewe niliyahesabia.

Tumpe akanyoosha mkono. Alikuwa na damu kwenye kipaji cha uso.

"Kapteni, samahani. Mtambo wa kujiongoza umekufa, na simu ya nyumbani imekatika. Jiwe limetugeuza, na kwa hesabu yangu tunarudi tulikotoka kwa kasi. Tutapita karibu na nyumbani leo, kabla ya saa kumi jioni. Moto uliobaki unatosha kugeuza chombo mara moja tu. Tukiwasha kwa wakati na kwa upande unaotakiwa, tunashuka nyumbani. Ikishapita saa kumi, tumepita, hatuna tena moto wa kurudi."

"Sasa si uwashe?" akasema Kapteni.

"Sijui nyumbani iko upande gani. Lazima nione. Nipeni dakika moja tu kwenye dirisha la Chumba cha Mwelekeo."

Watu wakageuza nyuso. Hata mimi nilisikia aibu kwa ajili yake, kama vile mtoto kaomba nyama ugenini.

Chumba cha Mwelekeo ndicho chumba kizuri kuliko vyote katika Fahari. Kina dirisha kubwa la kutazamia nje, la pekee kwenye chombo kizima, na mitambo ya kisasa ya kupimia nyota, na kitufe cha kuwashia moto wa kugeukia. Kilijengwa kwa ajili ya siku kama ile. Ila kilikuwa hakijazinduliwa. Mlangoni palikuwa na utepe mwekundu, na pembeni jiwe la msingi lililofunikwa pazia dogo. Mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Kwetu utepe unatosha. Mbele yake walisimama mgambo wawili wenye amri moja tu: asipite mtu ila aliyeshika mkasi.

Na mkasi, ndugu zangu, nilikuwa nao mimi. Ulilala juu ya mto wa kitambaa cheupe, umepakwa rangi ya dhahabu, ukiningoja siku yake.

*

Mwenye neno juu ya mambo haya ni Bi Pulkeria Nyoni, Katibu wa Itifaki. Ni mama mrefu, mkavu, hapandishi sauti. Sijawahi kumwona akikasirika, na kwa sababu hiyo watu wote humwogopa.

"Mwanangu Tumpe," akasema kwa upole, "hakuna anayekataa. Chumba kitafunguliwa. Kitafunguliwa na mgeni rasmi."

Mgeni rasmi wetu alikuwa Mheshimiwa Gervas Tindwa, Waziri wa Anga na Mambo Mengine ya Juu. Yeye aligandishwa kwenye barafu siku moja kabla ya safari, ili afike hajachoka. Naibu wake naye aligandishwa, kwa sababu si adabu naibu kuwa macho bosi amelala.

"Basi wamyeyushe," akasema Tumpe.

"Fomu ya kuyeyushwa inasainiwa na anayeyeyushwa," akajibu Bi Pulkeria. "Hajasaini."

Mwanangu akanitazama mimi. Nami nikatazama ratiba.

Tukaunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo, maana kamati kubwa haikuenea darini. Ikatimia saa nne, ikatimia saa tano. Tumpe alizunguka kutoka kwa mkubwa mmoja kwenda kwa mwingine, akipiga goti, akisema shikamoo, akionesha karatasi yake ya hesabu. Kila mmoja alimsikiliza vizuri sana. Hilo lazima niliseme, wakubwa wetu ni wasikivu. Walitikisa vichwa, wakasema pole, wakasema hoja yako ni nzito, wakampeleka kwa mwingine. Saa tano na nusu alijaribu kupita mlangoni kwa nguvu. Mgambo walimrudisha taratibu, wakampa na maji ya kunywa.

Saa sita Bi Pulkeria akapata jibu, na nikiri kwamba lilikuwa jibu la mtu aliyesoma.

"Kila ofisi ambayo Mheshimiwa hayupo," akasema, "picha yake ipo. Kwa hiyo picha ndiyo mwakilishi wake. Wala haihitaji barua."

Makofi! Watu wakakumbatiana. Kapteni Shomvi alitokwa na machozi. Mimi pia nilifurahi, nikamkimbilia binti yangu. "Unaona sasa?" nikamwambia. "Serikali haikosi njia." Akaniambia, "Sawa, Baba. Wakate utepe sasa hivi." Nikacheka. Mtoto wa mshehereshaji huyo, eti utepe ukatwe kabla ya mapokezi!

*

Picha ya Mheshimiwa ilitolewa ukutani na kubebwa na watu wanane. Watu wenye mikono mizima na wasio na kazi maalumu walikuwa wachache, kwa hiyo wakachukuliwa mafundi, wote wanane waliobaki. Kwaya ya kwanza ikaimba wimbo wa kuikaribisha, beti kumi na moja. Kwaya ya pili ikalalamika kwamba yao imepewa dakika chache, ikaongezewa. Picha ikavishwa skafu.

Ilifuata ziara ya mabanda ya maonesho. Kamati ilikuwa imeandaa mabanda sita kwa ajili ya Sayari ya Pili: achari, vikapu, sabuni ya mwarobaini, na mengine. Picha ikasogezwa kila banda, ikasimama, mtu akaieleza namna achari inavyotengenezwa, ikasikiliza. Kwenye banda la sabuni walirudia maelezo, kwa sababu mtoa maelezo aliona kama Mheshimiwa hakuelewa.

Kisha picha ikapandiwa mti wa kumbukumbu kwenye ndoo. Kisha ikapelekwa kusaini kitabu cha wageni. Bi Pulkeria akaweka kalamu mbele yake, akarudi nyuma hatua mbili kwa heshima. Tukasubiri. Tulisubiri dakika ishirini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema picha haiandiki. Mwishowe Kapteni akanong'ona kwamba Mheshimiwa ameandika moyoni, na ratiba ikaendelea.

Wakati wote huo Tumpe alisimama nyuma, akinionesha vidole. Vitatu, maana yake saa tatu zimebaki. Baadaye viwili. Baadaye kimoja.

Hicho kimoja alikuja nacho mwenyewe, nyuma ya jukwaa, ambapo nilikuwa nimekaa na mkasi wangu magotini. Mbele, Bi Pulkeria alikuwa amesimama kusoma hotuba ya Mheshimiwa kwa niaba.

"Baba, nipe huo mkasi."

"Mkasi si wangu, mwanangu. Ni wa mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi ni picha, Baba. Haina mikono."

"Kuna mtu amepangwa kuishikia."

Akapiga magoti. Binti yangu ana shahada mbili, na sijamwona akipiga magoti mbele yangu tangu siku aliyoolewa. "Baba, saa tisa hii. Naomba dakika moja. Nichungulie, niwashe, nitoke, mfunge utepe mwingine, muendelee na sherehe yenu. Hakuna atakayejua."

"Bi Pulkeria anahesabu mafundo ya utepe."

"Atupele amevaa kiatu, Baba. Siku ya ngapi hii amelala nacho?"

Niliogopa. Nasema kweli mbele yenu wote. Nilimwogopa yule mama mkavu kuliko nilivyoogopa kufa, na kuliko nilivyompenda mtoto niliyemzaa mwenyewe. Nilikuwa na mkasi mkononi. Ningemwekea tu kiganjani.

"Vuta subira, mama," nikamwambia. "Vimebaki vipengele vitatu tu."

Alinyanyuka. Hakunitukana. Alikung'uta magoti yake akarudi kusimama nyuma.

*

Hotuba ilikuwa na kurasa thelathini na nne. Jalada lilichanganywa wakati wa kufungasha, kwa hiyo iliyopatikana ni hotuba ya kuzindua josho la ng'ombe. Bi Pulkeria aliisoma yote, hakuruka neno.

"Ndugu wafugaji," akasema, na sisi tukapiga makofi. "Serikali yenu haitavumilia kupe." Tukapiga vigelegele. "Natoa wito, kila mmoja aende akamchovye ng'ombe wake." Kapteni Shomvi aliandika hilo kwenye daftari. Palikuwa na ukurasa mzima wa namna ya kumshika ndama, na kina mama wa kwaya wakawa wanaitikia, ndiyo, ndiyo. Mimi nililia kidogo. Sikulia kwa ajili ya ndama.

Saa kumi kasoro dakika kumi na mbili likaja neno la shukrani. Aliyepangwa alikuwa Kapteni. Akasema hana mengi ya kusema. Nyie mnajua maana yake mtu akisema hivyo. Alimshukuru Mheshimiwa, akaishukuru fremu, akawashukuru wapambaji, akaomba wapambaji wasimame tuwaone, wakasimama. Akamshukuru hata Tumpe. "Binti yetu huyu," akasema, "tangu asubuhi amekuwa akitukumbusha muda. Vijana wa namna hii ndio tunaowataka." Makofi ya kilo tano.

Saa kumi kasoro dakika mbili nikaitwa na mkasi.

Sikutembea, nilikimbia. Itifaki inasema mshika mkasi atembee hatua za pole, mguu wa kulia ukisubiri wa kushoto. Nilikimbia na mto wangu mweupe, watu wakaguna. Aliyepangwa kuishikia picha mkono akauchukua mkasi, akauweka kwenye utepe, akabana. Utepe ukakunjika. Akabana tena. Ukakunjika tena. Mkasi ule ulitengenezwa kwa ajili ya kupigwa picha, haukuwa na makali. Tulikuwa tunautumia kwa miaka yote hiyo kwenye tepe ambazo wapambaji walizikata nusu kabla, lakini wa safari hii alikuwa mpya, naye aliufunga utepe mzima mzima kwa mapenzi ya taifa lake.

"Uchaneni!" akapiga kelele Tumpe. "Chaneni kwa mikono!"

"Utepe hauchanwi," akasema Bi Pulkeria, wala hakugeuka.

Walikereza dakika saba. Ulipokatika, vigelegele vilipasua masikio. Tumpe aliwapita wote, akalivuta pazia la dirisha kwa mikono miwili.

Na nyumbani ikawa pale.

Ilikuwa nzuri, ndugu zangu. Ilikuwa kubwa kuliko dirisha. Tuliona bahari, tukaona mawingu, mtu mmoja akaapa kaona na ziwa letu. Watu wakashangilia, wakarukiana mabegani, kwaya zote mbili zikaanza wimbo mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mimi nilikuwa namtazama mwanangu. Alisimama kidole kikiwa juu ya kile kitufe. Hakukibonyeza. Macho yake yalikuwa yanafuata ukingo wa dirisha, na nilipotazama na mimi nikaona ukingo unaachana na dunia, pole pole, na upande wa pili weusi unaingia.

"Tumepita," akasema. "Tumeipita wakati wa kukata."

"Bonyeza hata hivyo," nikamwambia. "Jaribu, mama."

"Nikibonyeza sasa tutakwenda mbali haraka zaidi. Hivi tutakwenda polepole."

Bi Pulkeria akanipa karatasi niitangaze. Nami nikashika kipaza sauti nikasoma, kwa sababu ndiyo kazi yangu: Chumba cha Mwelekeo kimezinduliwa rasmi, kwa mafanikio makubwa, na mahali chombo kilipo pamejulikana kikamilifu.

Hapakuwa na uongo hata mmoja ndani yake.

*

Leo ni siku ya saba. Naandika haya nyuma ya karatasi za ratiba, zipo nyingi. Chakula kipo cha miaka miwili, achari itazidi. Chumba cha Mwelekeo kiko wazi kwa umma kuanzia saa tatu mpaka saa sita, isipokuwa sikukuu, na wananchi hupanga foleni kutazama nyumbani, ambayo sasa ni punje. Kapteni amependekeza uzinduzi uwe unaadhimishwa kila mwaka.

Tumpe hukaa pale dirishani muda wote unaoruhusiwa. Nikipita husema, "Shikamoo, Baba," nami huitika marahaba, na hapo huwa tumemaliza.

Leo asubuhi niliuchukua mkasi kutoka kwenye mto wake. Sikumwambia mtu. Nikaenda nao hadi dirishani, nikamnyooshea.

"Nimeuleta," nikasema.

Aliutazama sana. Nilidhani atanicheka, na ningefurahi kama angenicheka. Badala yake alifungua kilemba chake, akaketi sakafuni, akanigeuzia mgongo.

"Kule nyumbani leo wanavunja matanga yetu," akasema. "Mama atakuwa anamnyoa Atupele. Na mimi ninyoe, Baba."

Kwetu ndivyo ilivyo, matanga yakivunjwa wafiwa hunyolewa nywele. Nikapiga magoti nyuma yake. Mkasi ule haukati, hilo nimeshawaambia, kwa hiyo nilishika nywele chache chache, nikizikereza, nikiogopa kumuumiza. Mara moja tu aliuliza kama nadhani sasa watakuwa wamemvua kile kiatu. Nikasema sijui, mama.

Mgambo wa mlangoni akasogea. Akauliza shughuli hii imeidhinishwa na nani.

"Na mimi," nikamwambia. "Ambakisye Mwaitege. Andika."

Akaandika. Nikaendelea kukata.